Riflekta mnatugawia, helmeti mnatugawia, masikio yetu ni ya nani?

Wadau, uzi huu ni mrefu na nina hasira, asiyetaka kusoma apite. Mods, tafadhali msiuunganishe na ule wa eksozi za nganya (matatu zilizopambwa), hii ni kesi nyingine kabisa.

Kampuni ninayoibebea mizigo kwa pikipiki (siitaji, wanaoijua wanaijua) ilituita kwa kile inachokiita mafunzo ya usalama. Tukapewa soda, tukapewa riflekta yenye nembo yao mgongo mzima, na helmeti ya uso wazi yenye kioo kinachocheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikauliza swali moja tu: na vizibo vya masikio je? Supavaiza akacheka. "Sasa wewe ukiziba masikio, honi utaisikiaje?" Ukumbi mzima ukacheka naye. Na hao waliocheka ndio wale wale ambao stejini lazima uwarudishie salamu mara tatu ndipo waitikie.

Hiyo hoja ya honi ndiyo inanichoma, acha nianze nayo.

Ukishapita kama kilomita 60 kwa saa, kinachokupigia kelele si injini tena wala si eksozi. Ni upepo unaovurugika kwenye ukingo wa helmeti, hasa chini ya kidevu na shingoni. Ukigusa 100 pale Thika Road, Nairobi, kelele inayofika sikioni inazidi desibeli 95, na helmeti ikiwa takataka inapita 100. Sasa NIOSH, wale wa Marekani wanaoshughulikia afya kazini, wanashauri desibeli 85 kwa saa 8, mwisho hapo. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Kwenye 100 una dakika 15 za siku nzima. Mtu akitoka Juja kwa mwendo huo, dakika zake zimekwisha na hata Pangani hajafika. Bado ana order za mchana.

Na msiniambie hayo ni ya Wazungu. Kanuni za Kenya za kelele kazini, za mwaka 2005, zinasema mfanyakazi asizidishiwe wastani wa desibeli 90 kwa saa 8, na kelele ikipita 85 mwajiri awe na mpango wa kuidhibiti na kulinda masikio ya watu. Jamaa wa kiwandani pale Industrial Area anaweza kuidai hiyo. Sisi tukidai tunaambiwa ninyi si waajiriwa, ni "washirika". Mshirika gani anapangiwa zamu na kukatwa pesa akichelewa?

Turudi kwa honi. Kizibo cha sponji hakichagui honi na kuacha upepo. Kinashusha vyote pamoja, kwa hiyo honi iliyokuwa juu ya upepo inabaki juu ya upepo. Tofauti ni kwamba sikio halijalemewa, na mara nyingi unaipata honi vizuri zaidi kuliko ulipokuwa wazi. Asiyeisikia honi kwa kweli ni yule ambaye upepo umeshamla masikio. Kwenye foleni ya mtaa wa Tom Mboya unaenda mwendo wa mguu, hapo vitoe ukitaka, sina ugomvi na wewe. Na kama tayari husikii vizuri, muone daktari wa masikio kwanza, maana wewe unaweza kweli kupoteza sauti unazozihitaji. Lakini huyo supavaiza hakuwa akizungumzia hayo. Alikuwa anaokoa senti.

Kinachonitisha ni jinsi jambo lenyewe linavyoanza kimyakimya. Unafika nyumbani, masikio yameziba kidogo, usiku yanalia ngiii, asubuhi yamefunguka unasema nimepona. Zile chembe zenye vinywele ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Zinaanza kwenda zinazoshika sauti nyembamba, karibu na herzi 4,000, kwa hiyo bado unasikia watu wakiongea ila maneno hayashikiki. Mteja anakwambia nyumba ya sita, wewe uko mlangoni kwa nyumba ya tisa na pizza inapoa. Halafu unapewa nyota moja.

Sasa wauzaji wa helmeti. Niliingia duka moja mjini, nikasema nataka helmeti isiyo na kelele. Jamaa akaigonga kwenye kaunta, ko ko ko, "boss, hii ni original, haivunjiki." Nani ameuliza kuvunjika? Nikaivaa, vidole viwili vikapita kati ya shavu na sponji bila shida. "Itajishika na wakati." Itajishika vipi, ndugu yangu, wakati sponji hulegea kadiri unavyovaa? Helmeti inayokutosha, ukiisukuma kushoto na kulia ngozi ya mashavu inaenda nayo. Na ile stika ya ECE, alama ya usalama ya Ulaya, wanayokuonyesha kwa mbwembwe, hata ikiwa halali, ni ya kupima kichwa kikigonga lami. Haina habari na kelele.

Kuna mengine ya bei nafuu ambayo hakuna anayetuambia. Skafu iliyobana vizuri inaziba ile nafasi ya shingoni. Helmeti ya uso mzima inakubali kitambaa cha kidevu kwa chini, na raba ya pembeni ya kioo ikikauka kioo hakifungi sawasawa, ndiyo hiyo filimbi unayoisikia ukifika Kasarani. Kwa wenye kioo cha mbele kwenye pikipiki: ukiwa barabara nyeupe isiyo na magari, simama kidogo kwenye vikanyagio. Kelele ikigeuka ikawa laini, basi helmeti haina kosa, ni kioo kinachokurushia upepo uliovurugika moja kwa moja usoni. Kishushe, kipandishe, au king'oe kabisa. Na ile miavuli ya boda, jamani, inazuia mvua sawa, lakini turubai likianza kupigapiga karibu na kichwa nadhani hata abiria anajuta.

Nyinyi wa kuchomeka simu kati ya helmeti na sikio, nanyi mna lenu. Ili umsikie mteja juu ya upepo lazima upandishe sauti hadi mwisho. Huko si kujikinga, ni kuongeza kelele juu ya kelele. Wa earphone ya redio, vivyo hivyo.

Vizibo vyenyewe vya sponji ni bei ya chai na mandazi, na bado watu wanaviweka vibaya halafu wanasema havifanyi kazi. Nawa mikono kwanza, mafuta ya cheni hayana kazi sikioni. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie mpaka kivimbe. Ukiongea na sauti yako ikavuma kichwani mwako, kimekaa. Ile desibeli 33 iliyoandikwa kwenye paketi ni ya maabara, barabarani utapata pungufu, lakini hata desibeli 15 au 20 zinakutoa kwenye hatari. Kikichafuka tupa.

Sasa nataka majibu, si vicheko. Kama kuna mtu humu kampuni yake inagawa vizibo, aseme walidai vipi: barua, kikao, au kupitia chama? Mwanasheria yeyote atuambie kama hilo neno "mshirika" linaweza kweli kuwakwepesha zile kanuni za 2005. Na anayejua duka mjini lenye vitambaa vya kidevu na vizibo vya kuchuja, vile vya kutumia tena, aweke mtaa na jengo. "Utasikiaje honi" nimeshaijibu huko juu, sirudii.