Katapila la zamani lenye kijiko nyuma au JCB ya matairi, nichukue ipi? (Dodoma)

Mzee_wa_Nala
Wakuu habari za jioni. Nina hela kidogo nataka mashine ya kuchimba, used, ya kutumia mwenyewe hapa nyumbani na shambani. Nimepata mbili. Moja katapila la minyororo la kizamani, mbele lina baketi ya kuzolea na nyuma limefungwa kijiko, nyingine ni JCB ya matairi. La minyororo bei yake karibu nusu ya JCB na linawaka vizuri, dalali kanisikilizisha kwa simu. Nichukue ipi? Naomba wenye uzoefu, wa kukatisha tamaa pita kushoto.

FundiGrisi
Mkuu ya kwenye simu yanawaka yote. Katapila la kampuni gani, modeli gani, lipo wapi? Kazi yenyewe ni nini, msingi wa nyumba, lambo, kung'oa visiki? Udongo ukoje? Na shamba liko mbali na nyumbani kiasi gani? Weka picha za chini, minyororo na sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo), sio picha ya rangi.

Mama_Zabibu
JCB wala usijiulize mara mbili. Hiyo modeli yao ya 3CX spea zake unazipata mjini hapa hapa, maopereta wamejaa tangu haya majengo ya serikali ya Mtumba na barabara ya mzunguko vianze, na fundi yeyote anaijua. Ukimaliza kazi yako jirani anakukodi, unaiendesha mwenyewe mpaka kwake kwa barabara. Hilo la minyororo utalifanyaje, utapita nalo lami?

Opereta_mstaafu
Dada yangu punguza kasi. Huyu hajasema udongo wake. JCB ya matairi inakaribia tani 8 na uzito wote uko kwenye matairi manne, ipeleke kwenye mbuga nyeusi, ule udongo mweusi unaonata, mwezi wa pili uone inavyokaa mpaka ekseli, halafu utafute katapila la kuivuta. Minyororo inatandaza uzito, inapanda tuta, inasukuma udongo inautoa nje ya shimo yenyewe. Kwa lambo mimi nachukua minyororo hata kama ni kuukuu, mradi chini kuzima, yaani minyororo na vyake.

Mama_Zabibu
Shikamoo mzee. Ila "mradi chini kuzima" ndiyo kila kitu hapo, umeipitisha haraka haraka 😂

Opereta_mstaafu
Marahaba. Sijapitisha, nilikuwa nakuja.

Mzee_wa_Nala
Samahani nilikuwa kwenye kikao. Ni John Deere 350, mwaka dalali hajui, ipo Morogoro. Nyumbani Nala, shamba Hombolo. Nataka lambo la kumwagilia zabibu, mitaro ya mabomba, na hapa nyumbani msingi wa fensi na shimo la choo. Udongo nyumbani mwekundu, Hombolo juu ni kichanga chini kuelekea korongoni ni mbuga. Picha dalali kasema atatuma.

FundiGrisi
Haya ndiyo ulitakiwa uanze nayo. Nala iko magharibi, Hombolo iko kaskazini mashariki, katikati kuna mji mzima. Ukitaka kuchimba choo nyumbani leo na mtaro shambani kesho, kila mara ni gari la kubebea. Nafuu yako ni kwamba 350 ni kadogo, injini silinda 3, tani 5 na ushee, na kijiko inapita hapo, kwa hiyo Fuso inabeba mkipandishia kwenye tuta, huhitaji lobedi (trela la chini la kubebea mitambo). Ingekuwa Caterpillar 955 ningekwambia achana nayo.

Ukienda kuiona nenda asubuhi kabla hawajaiwasha, shika injini uone kama ni ya baridi. Angalia meno ya sproketi, yakiwa yamechongoka ujue pini na bushi za maungio ya mnyororo zimeisha. Uliza kama bushi zilishageuzwa, maana zinageuzwa mara moja tu ule upande wa pili, baada ya hapo ni kununua, na kwenye mashine za minyororo karibu nusu ya hela ya matengenezo inaishia huko chini. Nyanyua baketi na kijiko, zima injini, kanywe chai, ukirudi ukakuta vimeshuka chini sili za jeki hamna kitu. Shika kijiko kwa mkono ukitingishe kushoto kulia, pini ya kuzungukia ikicheza ni kazi ya tona hiyo, fundi wa kuchonga vyuma.

Kibaigwa_Original
Ngoja niwape ya shemeji yangu maana mimi nilikuwepo. Alinunua kitu hicho hicho cha minyororo na kijiko, sio Deere ilikuwa nyingine, kwenye yadi moja sitaitaja, rangi ya njano inang'aa, tukafurahi tukapiga picha. Nyumbani ndiyo tunakuja kugundua rangi imepigwa mpaka juu ya nipo, vile vitundu vya kuingizia grisi, yaani hakuna aliyeingiza grisi humo siku nyingi, pini zote kavu. Sasa kuishusha kwenye gari ikakata kona kulia tu, kushoto haiendi, unavuta liva ya kushoto inakuja laini tu mkononi, kuangalia ndani imefungwa kipande cha kamba ya manila kwenye unganishi, na klachi ya stiringi ya upande ule imeganda kwa kutu maana mashine ilisimama nje mvua na jua. Fundi wa kwanza akasema iendeshe itaachia yenyewe, haikuachia. Wa pili akafungua, akakuta plate zimeshikana, akazitoa kwa nyundo, mbili zikapasuka. Spea hakuna nchini, ikabidi kuagiza nje, na wakati tunasubiri kijiko nacho hosi paipu zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine, hizo angalau mjini wanakukatia na kukubania siku hiyo hiyo. Mashine ilipokuja kupona mvua zikaanza, akamaliza lambo kwa kukodi. Ipo mpaka leo, inachimba, ila inapokata kona kushoto bado anaiombea dua.

Opereta_mstaafu
Hiyo ni ya kusimama, sio ya uzee. Mashine ikisimama ndiyo inakufa. Ukiinunua uitembeze kila wiki hata kama huna kazi, na usiirudishe nyuma mbio, kurudi nyuma kwa kasi kunakula bushi kuliko kwenda mbele.

Chimwaga_boy
Wakuu mbona hakuna anayesema kukodi? Lambo la mita 40 kwa 25 kina mita 3 ni kama mita za ujazo 3,000. Kwa kajino ka kijiko cha nyuma utalichimba mpaka ustaafu. Kijiko kikubwa cha tani 20 kinamaliza ndani ya wiki moja au mbili kikiondoka kimeondoka, hakikuachii grisi wala opereta wa kulisha.

Mama_Zabibu
Hapo umeongea. Na mita 3 ndiyo iwe chini kabisa, mvua zetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka halafu jua linafyonza zaidi ya 1,500. Lambo pana la kina kifupi mwezi wa nane unakuta tope na mbuzi.

Kibaigwa_Original
Kichanga hakishiki maji hata uchimbe mita 10. Achimbie kwenye mbuga.

Opereta_mstaafu
Mbuga inapasuka kiangazi nyufa mkono unaingia. Weka mfinyanzi uushindilie, minyororo haishindilii vizuri kwa sababu hiyo hiyo ya kutandaza uzito, pitisha ng'ombe.

Kibaigwa_Original
Ng'ombe tena mzee 😂

Opereta_mstaafu
Cheka tu. Kwato zinashindilia kuliko hilo katapila lako la kamba ya manila.

Chimwaga_boy
Na kama unakinga korongo, mkuu, uliza kibali cha maji bodi ya maji ya bonde kwanza, Hombolo ipo Wami/Ruvu. Maji ya mvua ya kwenye bati ya matumizi ya nyumbani hakuna atakayekusumbua, korongo ni habari nyingine, chini yako kuna watu na kuna bwawa.

Mzee_wa_Nala
Asanteni wote. Kukodi nilishawahi, kijiko kililetwa kimechelewa siku tatu baada ya ahadi na opereta anataka posho pembeni, ndiyo maana nataka changu. Jumamosi naenda Morogoro na FundiGrisi kama hatojali, nauli juu yangu. Mwenye JCB kasema ana mteja mwingine, sijui kweli sijui janja ya biashara.

FundiGrisi
Janja hiyo. Jumamosi sawa, ila dalali asiambiwe tunakuja saa ngapi.

Nkuhungu_Fresh
Samahani nje ya mada, Mama_Zabibu bado una vipando vya zabibu za Makutupora nyekundu? Nahitaji vya nusu ekari.

Mama_Zabibu
Vipo, njoo inbox.