Kifungo kimeisha ila haachiwi kwa sababu "anaweza kurudia", hii ni haki kweli?

Wakuu, naomba hili tulijadili bila matusi. Marekani kuna majimbo 20 hivi, mtu aliyefungwa kwa kubaka au kunajisi watoto akikaribia kumaliza kifungo anapimwa na wanasaikolojia wa serikali, wakiona bado hatari anapelekwa mahakamani na akishindwa hatoki, anahamishiwa kituo cha matibabu hadi waseme basi. Washington ndo walianza 1990, na 1997 Mahakama ya Juu ikabariki kwenye kesi ya jimbo la Kansas na mfungwa aitwaye Hendricks, majaji 5 kwa 4, eti sio adhabu.

Mimi nagomea hapo. Minnesota wameshika zaidi ya watu 700 kule Moose Lake na St. Peter, mpango ulianza miaka ya 90 na wa kwanza kuachiwa bila masharti yoyote katoka 2016! Hospitali gani hiyo? Hadi mahakama ya London 2012 ilikataa kumkabidhi mtuhumiwa kwa Minnesota kwa sababu ya mpango huo huo.

Halafu angalia wanavyopima. Kuna kipimo kinaitwa Static-99, wanahesabu pointi: umri wako, makosa ya nyuma, kama uliyemfanyia alikuwa mgeni kwako, kama alikuwa wa kiume, hata kama umewahi kuishi na mwenza miaka 2. Sasa ukitoa umri, hapo kipi mtu anaweza kukibadilisha hata atibiwe vipi? Na kinachotoka ni makadirio ya kundi la watu wenye pointi kama zako, sio wewe utafanya nini.

— Mkuu, huyo Hendricks kesi zake za watoto zinaanzia 1955, anafungwa anatoka anarudia, na mwenyewe aliiambia mahakama cha uhakika cha kumzuia ni kufa tu. Ungemwachia akae jirani na wanao?

— Hapana, nisingekubali, na wazazi wa wale watoto nawaelewa kabisa. Ila kaka, kama wanaamini ni mgonjwa mbona miaka yote yuko gerezani Kansas hawakumtibu, wakasubiri kifungo kiishe ndo wakumbuke ugonjwa? Huku kwetu Tanzania anayebaka mtoto chini ya miaka 10 ni maisha, kali sana lakini anaisikia siku ya hukumu, kwa kosa lililothibitishwa. Wakitaka wafunge muda mrefu waseme siku hiyo, na tiba ianze akiwa ndani, sio miaka 10 baadaye mtu anakuja na karatasi ya pointi.