Naomba ushauri: kupima E. coli sugu kwenye maji ya mto yenye tope

Wakuu, habari. Naomba msaada wa waliowahi kupima usugu wa antibiotiki kwa E. coli (bakteria wa utumbo) mtoni, chini ya mahali maji taka yanapomwagwa.

Sampuli inakaa kwenye barafu, gizani, na inachujwa ndani ya saa 24 kwa kichujio cha mikromita 0.45. Kila ujazo unapandwa kwenye sahani mbili za agari ya TBX (chakula cha kuoteshea E. coli): moja tupu, nyingine yenye antibiotiki ya sefotaksimu miligramu 4 kwa lita. Makoloni ya bluu-kijani, yaani ya E. coli, yanahesabiwa, ndipo uwiano wa walio sugu kwa wote unapatikana. Dawa inatiwa agari ikishapoa hadi nyuzi 50 hivi. Ikitiwa agari ingali ya moto, dawa inaharibika, bakteria wasio sugu nao wanaota, na usugu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ndiyo maana kila kundi la sahani linalotengenezwa lazima lijaribiwe kwa E. coli isiyo sugu. (Maji yaliyotiwa klorini yanataka chupa yenye thaiosalfeti ya sodiamu, la sivyo klorini inaendelea kuua njiani.)

Kinachonisumbua ni siku za mvua. Mililita 100 zinaziba kichujio. Mililita 1 inapita, lakini sahani yenye dawa inatoa makoloni mawili matatu tu, hayatoshi kukokotoa uwiano wa kuaminika.

Je, nigawe mililita 50 kwenye vichujio vitano na kujumlisha hesabu? Kuacha tope litulie nasita, kwa kuwa bakteria wengi hushikamana na chembe za udongo na watazama nazo. Nanyi mnafanyaje?