Jumamosi tunaangalia Nutcracker nyumbani, niandae nini watu wasisinzie?

binti_wa_sofa
Habari za jioni wadau. Jumamosi nimewaita wadogo zangu na mashosti tuangalie baleti, Nutcracker ile ya Royal Ballet ya London aliyoitengeneza Peter Wright, nataka taa zizimwe, watu wajifunike mablanketi, na vya kula viendane na kinachochezwa. Sasa hakuna hata mmoja ashawahi kuangalia baleti na humo hakuna anayeongea mwanzo mwisho, naogopa nusu saa tu kila mtu kashika simu yake. Nisaidieni.

chumvi_kidogo
Menyu Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wake, kashakupangia mbona. Sehemu ya pili wanafika nchi ya peremende, ngoma zinafuatana, chokoleti ni Hispania, kahawa ni Uarabuni, chai ni China. Ukisikia tarumbeta inaanza we pitisha chokoleti ya moto, ikija ile ya Uarabuni inayokwenda polepole toa kahawa chungu ya tangawizi vikombe vidogo na kashata pembeni, hapo hata asiyejua kitu atatulia. Chai iwe imeshapoa kidogo maana China ni kama dakika moja tu, mtu anapuliza kikombe wenzake washamaliza kucheza 😂

kaka_rimoti
Ruka sehemu ya kwanza, ni pati tu ya Krismasi watu wanazunguka zunguka. Anza kwenye panya.

mama_wawili
Asiruke jamani. Awasimulie kisa kabla hajabonyeza play, kwamba mzee mmoja wa mazingaombwe, Drosselmeyer, ana mpwa wake kageuzwa mwanasesere wa kubangulia karanga, na hafunguki mpaka amuue Mfalme wa Panya na apatikane msichana wa kumpenda. Ukishajua hivyo ile pati yote unamfuatilia huyo mzee, anavyomkabidhi msichana Clara yule mwanasesere unajua ana lake jambo. Halafu usiku wa manane mti wa Krismasi unakua mpaka juu, panya wanavamia, na Clara anamtandika mfalme wao kiatu cha kichwa, wadogo zako hapo watapiga kelele. Chakula kizito kiwe baada ya ngoma ya theluji, ile yenye kwaya, ndo mwisho wa sehemu ya kwanza.

fundi_sabufa
Mmesahau sauti. Spika za TV zinaua ile ngoma ya Sugar Plum Fairy, malkia wa nchi ya peremende, kuna kinanda kinaitwa selesta kinalia kama vikengele, Tchaikovsky alikikuta Paris akamwandikia mchapishaji wake akinunue kimya kimya asije mtunzi mwenzake Rimsky-Korsakov akamuwahi. Yaani mzee alikuwa na wivu na kinanda. Unga sabufa ila besi shusha kabisa, ukiiacha kama ya bongo fleva utasikia mtetemo tu vikengele huvipati.

binti_wa_sofa
Asanteni sana. @kaka_rimoti wewe hujaalikwa 😂 Kashata naagiza kwa jirani. Ila chokoleti nikiichemsha mapema si itashika utando juu? Sitaki kukaa jikoni wenzangu wanaangalia.

chumvi_kidogo
Chupa ya chai dada, isuuze na maji ya moto kwanza ndo umimine. Isiwe ile uliyozoea kuwekea kahawa ya tangawizi, harufu haitoki.

kaka_rimoti
Mi nakuja na karanga zangu.