Fundi amekaza waya za mashua yangu bila kupima chochote, sasa mlingoti umelala mbele!

Wandugu wa Goma na Bukavu, nina hasira na nitaisema hapa hapa.

Nina mashua ndogo ya tanga, Vaurien ya mbao, mita 4.08. Aliyeichora ni Mfaransa Jean-Jacques Herbulot, mwaka 1951, kwa plywood nyembamba ili mtu wa kawaida aweze kuimudu. Waya moja ya ubavuni inayoshikilia mlingoti ilikuwa imekatika uzi. Uzi mmoja ukikatika waya hubadilishwa, hakuna mjadala. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa boti hapa Goma. Kazi niliyompa ni moja: badilisha waya za pande zote mbili, urefu ule ule.

Alichofanya sasa! Amekata waya mpya ndefu kuliko za zamani, tena upande wa kushoto umezidi wa kulia kwa vidole viwili. Alipoona zinalegea, hakuzikata upya. Akaenda kwenye waya ya mbele akaifupisha, akavuta mpaka zote zikakaza kama kamba ya makala juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Ukigonga zinalia, na yeye anafurahi: "Sasa iko nguvu, patron." Nguvu gani? Mlingoti umeinama mbele na kulalia kulia!

Anayedhani hili ni jambo la urembo asikilize. Mlingoti ukiinama nyuma kidogo, nguvu ya tanga nayo inarudi nyuma, na ukiachia usukani mashua inageuka yenyewe kuelekea upepo, tanga linapiga-piga, inasimama. Hapo hata kijana anayejifunza anapata nafasi ya kujipanga. Mlingoti ukilala mbele ni kinyume: ukiachia usukani mashua inaukimbia upepo, inashika mbio. Ndivyo ilivyonifanyia mbele ya Himbi, mtaa wa Goma kando ya Ziwa Kivu, upepo wa mchana umeamka, mpwa wangu yuko ndani. Kubisha, yaani kugeuza mashua kuupita upepo, ikawa shida, upande mmoja inakubali, upande mwingine inakataa kabisa, na tunasukumwa kwenye mawe ya lava. Mnajua ufuko wetu, hakuna mchanga wa kutupokea pale. Nikashusha tanga lote, tukapiga kasia.

Tumefika nchi kavu nakuta plywood imepasuka pale waya ya kulia inapofungwa, maji yanaingia. Ndiyo matokeo ya kukaza hovyo. Mashua ikiwa inatembea, waya ya upande usio na upepo inatakiwa ilegee kidogo. Ukiikaza isicheze kabisa, mzigo wote unakwenda kwenye mbao na chini ya mlingoti.

Nimerudi kwake, ananiambia ziwa ni baya. Ziwa! Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku hapa Goma, mji mzima ulilia. Baada ya yale, fundi anasimama na dola zangu mfukoni ananiambia ziwa ni baya?

Na kupima hakuhitaji mashine. Mita ya kupimia, ile ya maseremala, inafungwa kwenye kamba ya kupandishia tanga, unaipandisha mpaka juu, unaishusha hadi ukingo wa nyuma wa mashua, unaandika namba. Kisha unaipeleka pale waya zinapofungwa, kushoto na kulia: namba zikitofautiana, mlingoti umelala. Dakika chache tu. Mtu anayeshika mlingoti wa wengine bila mita asiguse mashua, aendelee na injini.

Hata tanga amelivuta chini likawa bapa kama ubao, na upepo wetu wa asubuhi ni mdogo, unataka tanga lenye tumbo. Lakini hilo nimelirekebisha mwenyewe.

Kinachonichoma zaidi ni waya za zamani. Hata iliyokatika uzi ilikuwa kipimo changu, urefu wake ndio ulikuwa sahihi. Amezitupa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu bila kuniuliza! Nataka dola zangu na gharama ya ile mbao. Na kama kuna mtu hapa Goma amenunua waya mbili nyembamba za chuma cha pua, zenye vitanzi vilivyobanwa kila mwisho, tafadhali asizikate. Aniandikie, nitazinunua tena.