Maandishi ya ndani ya piramidi ya malkia Behenu yalichongwa asome nani?

Fundi Marumaru (Igoma, Mwanza):
Wakuu, habari za jioni. Mimi kazi yangu kuchonga mawe ya makaburi. Jina, tarehe, mstari wa Biblia, mteja anataka vyote visomeke mtu akiwa njiani. Sasa nimesoma habari za malkia Behenu wa Misri ya kale, aliyezikwa kule Saqqara. Maandishi yamejaa ukutani kwenye chumba cha maiti, halafu wakaziba njia kwa mawe! Nani alitarajiwa kuyasoma?

Mama Historia (Nyegezi):
Fundi, ni ya marehemu mwenyewe. Yanaitwa Maandiko ya Piramidi, na vifungu vingi huanza na "maneno ya kusemwa". Ni ya kumwamsha, kumlisha, kumkinga na nyoka na kumpandisha mbinguni akaishi na nyota zisizozama. Wa kwanza kuchongewa ni mfalme Unas, kama mwaka 2350 KK, na mwanzoni yalikuwa ya wafalme tu. Ankhesenpepi wa Pili, mama yake mfalme Pepi wa Pili, ndiye malkia wa kwanza tunayemjua kuyapata. Wakafuata Neith, Iput na Wedjebten, wake wa Pepi huyo. Behenu yumo katika kundi hilo dogo. Wanaakiolojia wa Kifaransa walipofika chumbani kwake, habari ikatangazwa 2010, kuta mbili ndizo zilizokuwa zimesalimika.

Kijana wa Kirumba:
Kwa hiyo malkia alipewa dua zilezile za mfalme?

Mama Historia:
Nyingi ni zilezile, jina lake likawekwa pale palipokuwa na la mfalme. Hili kwangu ni jambo kubwa sana: mwanamke naye akahesabiwa wa kupanda mbinguni, kwa maneno yenye jina lake mwenyewe.

Na Fundi, hili lako. Maandishi yao yalikuwa ya alama za picha, na katika baadhi ya piramidi hizo alama za simba zilikatwa vipande viwili na za watu zikachongwa bila miguu, zisije zikapata uhai na kumdhuru aliyelala humo.

Fundi Marumaru:
Ahsante sana Mama. Na herufi ikikosewa? Kwangu mimi jiwe ndiyo limeharibika, nanunua jingine.

Mama Historia:
Ukuta haununuliki mwingine. Kwa Unas yameonekana masahihisho mengi: waliziba kwa plasta, wakachonga upya juu yake. Plasta ikidondoka, yote mawili yanaonekana, la zamani na jipya.

Fundi Marumaru:
Plasta ya jasi au ya chokaa? Mwenye picha ya karibu aitupie hapa, nataka kuona walivyoshika patasi.