MREJESHO: Matofali ya kufungamana ya nyumba ya wanafunzi hayameguki tena

Wakuu, asanteni sana. Kwa waliopitwa: niliuliza kwa nini matofali ya udongo-saruji yanayofungamana (yanaingiana moja kwa jingine) ya nyumba ya vyumba viwili wanayojenga wanafunzi wa usanifu majengo yanameguka kona yakitoka tu kwenye mashine.

Saruji haikuwa na kosa. Mchanganyiko ulikorogwa mwingi mno, ukakaa juani saa mbili, saruji ikaanza kushika kabla ya kushindiliwa. Sasa wanakoroga mchanganyiko wa kutosha kazi ya nusu saa tu. Maji wanapima kwa donge la mchanganyiko: libane kiganjani, liachie kutoka mita moja. Likipasuka vipande vinne au vitano, piga tofali. Likibaki bonge, maji yamezidi, likisambaratika, hayatoshi.

Kiasi cha saruji kinategemea udongo unavyosinyaa ukikauka: kwenye sanduku la kipimo hicho, lenye urefu wa sentimita 60, udongo ulisinyaa milimita 20, hivyo wanatumia ndoo 1 ya saruji kwa 16 za udongo. Kisha matofali hukaa siku 7 chini ya turubai, yakinyweshwa maji.

Mchoro nao umebadilika, na hili limenifurahisha kuliko yote: dirisha la sentimita 100 sasa ni 90, yaani matofali matatu ya sentimita 30, bila kukata hata moja.